Chumba Ulichoonyeshwa Saa Sita Mchana

MASWALI YA WAPANGAJI
Dalali mstaafu anajibu barua za wasomaji

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, barua za ukurasa huu hubadilika sura. Miezi mingine naulizwa juu ya mwenye nyumba aliyekata maji, au mpangaji aliyehama usiku na deni lake. Ikifika msimu huu swali ni moja kwa miandiko tofauti: nikae wapi? Safari hii nimechukua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana nina deni nayo. Deni lenyewe mtaliona mbele.

*

Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 20, naandika kutoka Songea. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwaka wa kwanza. Hosteli nimeomba, jina halijatokea. Mkopo nimepata, na bumu, yaani hela ya kujikimu, nimeambiwa ni 10,000 kwa siku, likianza kutoka ni la siku sitini. Dar nimefika mara moja tu, kwenye msiba, tukakaa siku tatu. Sasa nina njia tatu mbele yangu. Baba anataka nikae kwa baba mdogo, Chanika, ambako sitalipa kodi. Rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha sita amepata chumba Sinza, choo ndani, 180,000 kwa mwezi, anataka tugawane. Ya tatu ni dalali niliyepewa namba yake. Amenitumia picha za chumba Msewe, 80,000, choo cha nje, malipo ya miezi sita. Anasema ni dakika tano kutoka chuo, maji yapo saa zote, mazingira tulivu. Anataka nimtumie hela kidogo ya kushikia chumba asimpe mwingine. Baba anasema binti hapangi chumba peke yake mjini. Mama hasemi kitu, ila ameanza kuniwekea hela pembeni. Nifanyeje?
Binti wa Songea

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kabla ya yote: usitume hela. Hata elfu kumi. Hela ya kushikia chumba naijua, nimeipokea mwenyewe. Chumba kimoja kinaweza kushikiwa na watu wanne walioko mikoa minne, na anayekipata ni wa tano aliyekuja kwa miguu yake akalipa mkononi.

Nilifanya udalali Sinza na Mwenge kuanzia 2010 hadi 2016, kwa hiyo lugha ya huyo ndugu naifahamu nje ndani. Ngoja nikutafsirie. “Dakika tano” ni dakika za bodaboda, barabara ikiwa kavu, hadi getini. Kutoka getini hadi darasani una mlima wako wa kupanda. “Maji yapo saa zote” maana yake kuna simtanki uani. Hakukwambia nani analijaza, wala linakaa siku ngapi likiwa tupu. “Mazingira tulivu” maana yake daladala haifiki. Wala hadanganyi, mdogo wangu. Kila neno ana pa kulisimamishia. Ila amekionyesha chumba saa sita mchana, mwezi wa kiangazi, na wewe utakiishi saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, mvua ikinyesha. Hivyo ni vyumba viwili tofauti.

Tuanze na Chanika, kwa heshima ya mzee. Baba yako hajakosea kuogopa, amekosea hesabu. Chanika ni Dar, sikatai, iko Ilala, lakini ukisimama pale uko karibu na Kisarawe kuliko Mlimani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 30. Utapanda gari la Gongo la Mboto, pale utatafuta la kukufikisha Ubungo, na Ubungo utatafuta la chuo. Kadiria 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Siku 22 za masomo kwa mwezi ni 88,000. Umeona? Nyumba ya bure inakugharimu kuliko chumba cha Msewe, na hapo hatujahesabu usingizi.

Usingizi nitakuhesabia mimi. Nilipoingia Mlimani mwaka 2006 nilifikia kwa shangazi yangu, Mbagala Rangi Tatu, ambako angalau magari ya Ubungo yalikuwepo moja kwa moja. Niliamka saa kumi alfajiri. Nilisoma nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine karatasi za kopi, kidevu cha mtu begani mwangu. Kipindi cha saa moja asubuhi nilikikuta nusu. Jioni wenzangu wakibaki kujadiliana, mimi nawahi gari. Shangazi aliuza mkaa, na nikirudi saa mbili usiku kulikuwa na magunia yananisubiri. Sikulalamika, na leo silalamiki: nilikula kwake, nililala kwake, na kwa ndugu mtu haishi kama mgeni. Lakini matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa niliyatazama nikajua yameandikwa barabarani. Nawe ni binti. Kwa baba mdogo utakuta vyombo, watoto, na mama mdogo aliyekusubiri siku nyingi kwa mapenzi yote.

Chanika usiitupe, hata hivyo. Nitairudia.

Sinza sasa. Huu mtaa naupenda, nitajitahidi nisiupigie debe. Unajua kwa nini Sinza ina barabara zilizonyooka na namba za viwanja, na Manzese pale jirani huwezi kupishana na mkokoteni? Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga. Manzese watu walikuwa wamekwishajenga, ikabidi barabara na mabomba vipenyezwe katikati ya nyumba. Hiyo tofauti bado unailipia kwenye kodi. Sinza utapata taa, duka la dawa lililo wazi usiku, na bajaji inayokushusha mlangoni. Kwa msichana anayerudi usiku hiyo si anasa.

Utapata na muziki. Kuna kituo kule kinaitwa Kwa Remmy, kwa sababu marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki, alikuwa anakaa pale. Mtaa unaotaja vituo vyake kwa wanamuziki usitegemee ulale saa nne. Kuanzia Ijumaa baa zinashindana, na wiki ya mitihani nayo ina Ijumaa yake. Kabla hujakubali, muulize mwenzako dirisha linatazama wapi.

Halafu hesabu. Nusu yako ni 90,000. Sinza unaiona karibu na chuo kwenye ramani, na kweli ukivuka Sam Nujoma umeshaingia upande wa Mlimani, ila wengi hupanda gari hadi Mwenge au Simu 2000, kisha jingine la kuingia chuoni. Kwa 600 kila gari, magari manne kwa siku ni 2,400. Siku 22 ni 52,800. Jumla 142,800. Ukijizoeza kupanda mlima kwa miguu utaokoa nusu ya nauli na kuharibu viatu.

Lakini kilichoniharibia wapangaji wengi wa Sinza hakikuwa nauli. Kilikuwa rafiki. Mkae chini kabla ya mkataba muulizane mambo matatu bila aibu. Jina la nani linaandikwa? Mmoja akiahirisha masomo, mwenzake atabebaje kodi? Na mgeni wa kiume akija akakaa hadi saa sita usiku, yule mwingine anaenda kulala wapi? Hili la mwisho mtalicheka. Mimi nimewahi kupigiwa simu saa saba usiku na binti aliyekaa kwenye ngazi na mto wake, ananiuliza kama nina chumba.

Msewe iko mgongoni mwa chuo, upande wa kuelekea Ubungo na Kimara. Ni nchi ya mabonde na vilima. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu utaona wanafunzi wamejipanga kama siafu wanapanda kwenda vipindini, na hakuna atakayekudai nauli. Kwa hesabu tupu, Msewe imeshinda: 80,000 na miguu yako. Wenzio wengine huenda Changanyikeni, upande wa kaskazini wa chuo, ambako daladala hupita humo humo chuoni. Huko na Makongo ni juu, upepo mzuri, lakini kwa miaka mingi watu wake wameishi kwa maji ya boza, kwa hiyo swali la kwanza kule ni maji, la pili maji.

Kinachonipa wasiwasi Msewe ni mambo mawili: usiku na bonde.

Usiku ni rahisi kueleza. Njia ya kukata vichakani inayokufikisha darasani kwa robo saa asubuhi, saa tatu usiku si njia. Ukitoka maktaba itabidi uzunguke kwenye taa au upande bodaboda, na mvua ikinyesha bodaboda hupandisha bei, au hukwambia waziwazi “dada, kule hapashukiki, tope.” Kwa hiyo unapotazama chumba, tazama njia mbili, ya mchana na ya usiku, na weka bei ya ile ya usiku kwenye bajeti yako.

Bonde ndilo deni langu.

Desemba 2011 Dar ilipata mafuriko makubwa. Msimbazi ulitapika, na mito midogo inayouingia nayo ikatapika, ukiwemo Mto Ng’ombe, unaopita Sinza, Manzese na Tandale kabla ya kuungana nao. Baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Wenye nyumba wengine walisubiri jua. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, mwenye nyumba mmoja kando ya mto huo alinipa vyumba vitatu nimtafutie watu. Nikaenda kuvitazama. Ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa kwa rula, juu kidogo ya goti. Chini yake lipu imevimba. Nilikwenda dukani nikanunua rangi ya mafuta, rangi ya kahawa, nikapaka chumba chote kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno. Ulipokauka ukuta ulipendeza, kama wa zahanati. Kijana wa mwaka wa pili alikuja na mfadhili wake, akasifu usafi, akalipa miezi sita, nami nikachukua changu cha mwezi mmoja.

Masika nilimkuta kituoni Mwenge, godoro kichwani, suruali imekunjwa, begi la madaftari kalipakata kifuani kama mtoto. Sikuwahi kutukanwa kwa upole namna ile. Aliniuliza tu, “Kaka, ulikuwa unajua?” Nikamwambia sikujua.

Basi nakupa alichokosa yule kijana. Ukiingia chumba chochote Dar, iwe Msewe au Sinza, usitazame dari, tazama chini. Rangi mpya iliyoishia kiunoni na juu yake ya zamani, iulizie. Mlango wa mbao ambao chini umebanduka au umevimba, umeshakunywa maji. Kizingiti kilichoinuliwa tofali mbili, ukaingia chumbani kama unaruka uzio, hakikujengwa kwa urembo. Soketi zilizopandishwa hadi kifuani, vivyo hivyo. Viroba vya mchanga kwa jirani, geuka uondoke. Na kwa kuwa chuo kinafunguliwa wakati wa vuli, una bahati moja: ngoja mvua inyeshe, ndipo uende. Maji yatakuonyesha mwenyewe yanakopita.

Sasa hesabu ya bumu, maana hapo ndipo wengi huzama bila mto. Siku sitini kwa 10,000 ni 600,000. Chumba cha Msewe kwa miezi sita ni 480,000. Dalali naye anataka chake, kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Umeshatoa 560,000, umebaki na 40,000 ya kula miezi miwili, na hujanunua ndoo wala godoro. Na siku ya kufungua chuo na siku ya bumu kuingia hazijawahi kuwa siku moja. Kwa hiyo ile hela anayokuwekea mama usiiguse kwa kitu kingine. Ndiyo itakayokuingiza ndani. Na mwenye nyumba umwombe miezi mitatu mitatu. Wale wa kuzunguka chuo wamelea wanafunzi miaka mingi, kalenda ya bumu wanaijua kuliko nyie. Anayekataa kabisa kuzungumza, mwache, kwani siku paa likivuja pia atakataa kuzungumza.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia hivi. Njoo Dar wiki moja au mbili kabla. Basi la Songea litakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi. Ubungo ya zamani haipo tena kwa mabasi ya mikoani. Baba mdogo aje akupokee, fikia Chanika, kula, salimia, piga magoti kama ulivyofundishwa. Hapo Chanika imefanya kazi yake kubwa. Kisha mwombe baba mdogo akusindikize Msewe na Changanyikeni mara mbili, asubuhi mapema na usiku, ili baba aliyeko Songea aelewe kwamba hupangi peke yako. Binti aliyekuja na mzee wake huwekewa bei nyingine na hutazamwa kwa jicho lingine. Sijui kama ni haki, ila nimeliona.

Fungua bomba kwa mkono wako. Likitoka upepo, mwulize mtoto yeyote mwenye dumu anachota wapi na kwa bei gani. Mtoto hana kamisheni. Onja maji ya kisima. Yakiwa ya chumvi sabuni haitatoa povu na utanunua ya kunywa mwaka mzima. Uliza LUKU ni ya chumba au ya nyumba nzima. Halafu, kabla shilingi haijatoka, pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani. Mkataba usainiwe akiwepo mwenye nyumba mwenyewe, na hela ikitumwa kwa simu jina litakalojitokeza liwe lake, si la “mdogo wake”. Siku ya kuhamia badilisha kitasa. Aliyekuwepo kabla yako ana funguo, na rafiki zake wanazo.

Hosteli nayo endelea kuifuatilia. Zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 huchukua wanafunzi 3,840, na ipo Mabibo. Kila mwaka wapo waliopangiwa wasiotokea, na nafasi zao hugawiwa upya. Wapo watakaokushauri mbebane, yaani ulale kitanda kimoja na mwenye chumba kimyakimya. Sitakuhubiria. Ila utaishi kwa kusikiliza hatua za mlinzi.

*

Mambo vipi bro. Nimepata chuo cha katikati ya mji, karibu kabisa na Kivukoni. Kaka yangu amehamishiwa kikazi mkoani, chumba chake Kigamboni kimebaki na kodi ya miezi minne imelipwa. Washkaji wote wanasema nikae Kimara kwa sababu ya mwendokasi. Nichague ipi?
Kijana wa Morogoro

Poa mdogo wangu. Chumba kimelipiwa miezi minne na bado unauliza? Nenda Kigamboni.

Washkaji zako hawajakosea sana. Tangu mwendokasi ianze 2016, Kimara imekuwa kama jirani wa Posta, na ina siri moja: ukikaa Kimara Mwisho unapandia pale gari linapoanzia. Utasukumana mlangoni, lakini utapanda. Anayekaa Manzese au Magomeni, karibu zaidi na mji, hulitazama likipita limeshiba, la pili vilevile, la tatu pia. Kwa usafiri wa Dar, mwanzo wa njia ni bora kuliko katikati ya njia, hata kama ni mbali zaidi. Wenzako hupima kilomita wakasahau mlango.

Kigamboni ni hivyohivyo. Pantoni inaanzia kwako. Unalipa 200, unasimama pembeni na upepo wa bahari, unashuka Feri, na chuo unakifikia kwa miguu. Wewe ni mmoja wa watu wachache katika mji huu ambao foleni ya magari haiwahusu. Tatizo huja chombo kimoja kikienda matengenezo. Siku hiyo abiria hujaa hadi nje ya geti, na kuzunguka kwa Daraja la Nyerere, Kurasini, ni safari nyingine kabisa yenye foleni yake. Kwa hiyo siku za mitihani vuka mapema, hata kama ni kwenda kukaa Feri ukinywa supu ya pweza.

Shuka pantoni, uliza nyumba ya kaka yako iko umbali gani kutoka kivukoni upande ule. Kigamboni ni kubwa. Kuna watu wanasema wanakaa Kigamboni, kumbe baada ya pantoni wana daladala na bodaboda. Ikiwa kaka yako ni mmoja wao, hamia karibu na maji miezi minne ikiisha.

*

Mwanangu, mimi ni mama mwenye nyumba, Changanyikeni. Kila toleo unawafundisha wapangaji, sisi nani atatufundisha? Nina vyumba vitano vya wanafunzi na LUKU moja. Walikubaliana kila mmoja achange 5,000 kwa wiki, sasa umeme unakata Jumatano. Nilipoingia chumba cha tatu nikakuta hita ya maji ndani ya ndoo, jiko la umeme, na watoto wanne niliyempangisha mmoja. Mmoja wao akaniambia “mama, sisi ni wageni tu.” Wageni wenye mashuka! Chumba cha pembeni kitakuwa wazi Novemba, na kwa kweli nimechoka, nafikiri nimtafute mtu mwenye familia.
Mama wa Changanyikeni

Shikamoo mama. Wageni wenye mashuka, nimecheka hadi nikamwaga chai, unisamehe.

Mama, LUKU ya kuchangia haijawahi kumpatanisha mtu na mtu. Mwenye taa moja na simu anamlipia mwenye hita, anajua, ananuna, siku moja naye ananunua hita. Sasa mnakuwa na hita mbili. Ita fundi umeme anayeaminika akufungie mita ndogo kila chumba. Utaumia mara moja, kisha kila mtu atakula umeme wake kwa jasho lake. Hadi siku hiyo ifike, hita iandike kwenye mkataba kwa jina: hairuhusiwi. Ndoo yenye hita imeshaua watu, hilo si suala la umeme kwisha tu.

Kuhusu wageni, tenganisha wageni na wapangaji wa siri. Mtoto wa watu amekosa hosteli, mwenzake amemhurumia. Hiyo ndiyo hadithi ya chumba chako cha tatu, na wala si tabia mbaya. Sema wazi: chumba ni watu wawili, majina yote mawili kwenye karatasi na kwa mjumbe, wa pili anaongeza kiasi fulani cha maji na choo. Mgeni ni usiku mbili. Utashangaa watakavyokubali, kwa sababu wanaojificha nao hawalali vizuri.

Mwenye familia nakuombea usimtafute kwa hasira. Familia haitahama Julai, ni kweli, lakini itakuja na mkaa, na makabati, na mashemeji, na utatamani wanafunzi wako waliokuwa hawako nyumbani kutwa nzima.

Na hicho chumba cha pembeni, mama. Barua ya kwanza hapo juu umeisoma? Yupo binti anakuja kutoka Songea, ana baba mdogo atakayekuja naye kuzungumza, na mama aliyeanza kuweka hela kabla hajaambiwa. Ukikubali kuchukua kodi kwa miezi mitatu mitatu, na ukimwambia ukweli kuhusu maji, niandikie nimwelekeze kwako. Atakuja asubuhi na atakuja tena usiku, usikasirike. Atatazama kuta zako chini. Cha udalali sitaki.